Ruta ya Kununua Mpakani

*Bwana Mtaalamu, naishi Murongo, si mbali na mto. Ruta yangu ya laini imekufa. Hata ilipokuwa hai, ilishika mtandao wa Uganda kila mara, intaneti ikakatika, na chumba cha watoto hakikupata kitu. Sasa ninunue ipi? — Mama Mwalimu*

Bibi, dhiki yako naifahamu, wala kosa si lako: maadamu ni Mto Kagera tu unaotenga Murongo na Kikagati, mawimbi ya minara ya ng'ambo huvuka maji bila kizuizi, na ruta iliyoachiwa kujichagulia, ikiupoteza mtandao wa kampuni yako hata kwa dakika moja, huhamia huko. Basi tafuta ile inayokuruhusu kuchagua mtandao kwa mkono na kuzima romingi, yenye tundu za antena ya nje, na inayopokea 4G katika masafa ya 800 MHz, ambayo aghalabu hufika mbali zaidi penye vilima.

Kwa ajili ya watoto, iwe na Wi-Fi ya 2.4 GHz pamoja na 5 GHz. Ya kwanza hupenya kuta vyema, ya pili ina kasi ila hudhoofika upesi. Iweke juu, dirishani, upande wa mnara wa kampuni yako.

Usilipe kabla muuzaji hajatia laini yako ukaona inafanya kazi, kwani ruta nyingine zimefungwa kwa kampuni moja. Na ikiwa simu yenye laini hiyohiyo nayo hupata mawimbi dhaifu pale dirishani, usinunue kwanza. Mwite fundi apime antena juu ya paa.