Mdomo mmoja, kazi mbili

Wale wa mwaka wa tano biokimia waliniuliza juu ya nini nilisema darasani kwamba kijiko cha uji kinaweza kuua mtu. Kengele ilipigwa kabla sijamaliza, basi ninajibu hapa.

Kwanza fanya hivi. Weka kidole mbele ya koo, pale penye kifundo, halafu umeze mate. Umesikia kifundo kinapanda? Wakati huo njia ya hewa inafungwa, na chakula kinapita nyuma yake kwenda tumboni. Ni kazi ya kama sekunde moja, lakini misuli zaidi ya ishirini inashirikiana, na ubongo ndio unaiongoza. Sasa, ulimi, midomo na koo ndivyo tunavyosemea pia. Ubongo ukipigwa, mara nyingi kusema na kumeza vinaharibika pamoja.

Kinachopiga ubongo namna hiyo mara nyingi ni kiharusi: mshipa wa damu unaziba au unapasuka, na tansio ndiyo sababu kubwa. Msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi katika Tanzania, huko Hai na Dar es Salaam, na mjini waliona hesabu kubwa kuliko nyingi za Ulaya.

Babu yangu wa Mahagi alipigwa usiku. Asubuhi mdomo umepinda, maneno mazito kama ya mlevi, mengine hayapatikani kabisa. Sisi kwa mapendo tulimlisha uji akiwa amelala. "Kula, babu, upate nguvu." Alikohoa, tukaongeza. Siku ya nne homa ilipanda na kifua kikaanza kuunguruma. Uji ulikuwa umeingia mapafuni. Aliokoka kwa shida sana. Kumbe yeye alikuwa na bahati ya kukohoa! Wengine koo limekufa ganzi, maji yanashuka mapafuni kimya-kimya.

Je, hapo inatakiwa mashine za bei kali? Mwaka 2011 jarida The Lancet lilitoa utafiti wa hospitali 19 za New South Wales, Australia. Wauguzi wa upande mmoja walifundishwa mambo matatu tu: kuangalia homa, sukari ya damu, na kumeza. Baada ya siku 90, upande wa wasiofundishwa, wagonjwa 58 kwa 100 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Upande wa waliofundishwa walikuwa 42. Wale kati yenu wanaotaka kusomea uuguzi Nyankunde waitazame hesabu hiyo mara mbili.

Kupima kumeza kwenyewe si fumbo. Mgonjwa awe macho, aketi wima, muuguzi ampe maji kidogo kwa kijiko, kisha amsikilize: anakohoa? Sauti inatoka kama mtu mwenye maji kooni? Nyumbani sisi hatupimi. Tunamwinua kichwa na kumpeleka hospitali upesi, na kabla ya kupimwa hatumpi chakula, maji, wala hata kidonge.

Upande wa kusema kuna mambo mawili, msiyachanganye. Mmoja anajua neno lakini ulimi ni mzito. Mwingine ulimi unaweza, lakini neno lenyewe limepotea. Hiyo inaitwa afasia. Mwaka 1861, huko Paris, munganga Broca alipokea mgonjwa aliyeweza kusema "tan" tu, tena na tena, lakini aliyeelewa mengi aliyoambiwa. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika mbele, upande wa kushoto. Kwa hiyo mzee asiyejibu msimseme mbele yake kama kiti. Anasikia.

Na sisi wa Bunia wenye lugha tatu, nne? Mfaransa Ribot alidhani lugha ya kwanza ya utoto ndiyo inarudi mbele. Pitres, mwaka 1895, akasema ni ile mtu aliyoizoea zaidi. Tangu hapo imeonekana kwamba kwa wengi zote zinarudi pamoja. Babu alianza na Kialur, Kiswahili kikafuata. Lakini Kialur kwake kilikuwa cha kwanza tena cha kila siku, basi hakutusaidia kukata ubishi wao.

Maswali kwa biokimia:
1. Juu ya nini kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinalegeza mkono wa kuume?
2. Meza mate huku ukijaribu kuvuta pumzi. Umeshindwa, eleza sababu.