NGUO INAYOPIMA MAJI MWILINI

Moyo ukidhoofika hausukumi damu vizuri. Maji hujaa miguuni na kwenye mapafu. Mgonjwa huvimba miguu na hukosa pumzi akilala chali.

Je, nguo yaweza kupima maji hayo? Ndiyo. Katika miaka ya 2000, watafiti wa Ulaya katika mradi wa MyHeart walijaribu fulana ya namna hiyo.

Maji ya mwilini yana chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Hewa haipitishi. Fulana hiyo hupitisha kifuani umeme mdogo sana wa betri, ambao mtu hausikii. Umeme ukipita kwa urahisi kuliko jana, huenda maji yanaongezeka kwenye mapafu.

Kazi ngumu ni kutengeneza vile vipande vya nguo vinavyogusa ngozi. Vinaitwa elektrodi. Kwa kawaida huwa 4: viwili hupeleka umeme, viwili hupima. Fikiria redio yako. Betri zaweza kuwa mpya, lakini pale zinapogusana na redio pakiwa na kutu, redio hailii. Ndivyo ilivyo kwa elektrodi. Fundi huangalia mambo 4:

1. Uzi. Pamba kavu haipitishi umeme. Hutumika uzi uliopakwa madini ya fedha.
2. Unyevu. Ngozi kavu huzuia umeme. Elektrodi hulowanishwa kidogo kwa maji, au husubiri jasho.
3. Kubana. Nguo ikilegea, kipimo huyumba. Ikibana mno, huumiza ngozi.
4. Kufua. Fedha huchakaa nguo ikifuliwa. Lazima ipimwe tena baada ya kufuliwa mara nyingi.

Elektrodi isipogusa ngozi vizuri, kipimo hudanganya. Mapafu yaweza kuwa na maji, mashine ikasema hayana. Mgonjwa anayeamini mashine tu atachelewa kutibiwa.

Kwa hiyo, mwenye fulana na asiye nayo, wote waangalie dalili. Bonyeza muundi kwa kidole gumba, uhesabu mpaka 5. Shimo likibaki, kuna maji. Mgonjwa wa moyo ajipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, au akikosa pumzi, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Onyo: Usijaribu kupitisha umeme mwilini kwa waya. Umeme wa nyumbani huua.

MASWALI
1. Kwa nini maji ya mwilini hupitisha umeme?
2. Elektrodi ikilegea, kuna hatari gani?
3. Taja dalili 2 za maji kujaa mwilini.