Nyota Wanne na Mpira Mmoja: Elimu ya Maelewano katika Timu ya Mpira wa Kikapu

Mnamo Julai 2003 timu ya Los Angeles Lakers, mojawapo ya timu za ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, NBA, ilifanya jambo ambalo wapenzi wengi wa mpira wa kikapu walilihesabu kuwa ni kutwaa ubingwa kabla msimu haujaanza. Timu hiyo ilikuwa tayari na Shaquille O'Neal, pande la mtu lenye kimo cha sentimita 216, na Kobe Bryant, mmoja wa watupaji hodari kabisa wa zama zake. Wawili hao walikuwa wameiletea ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka 2000, 2001 na 2002. Sasa waliongezewa Karl Malone na Gary Payton, wakongwe waliokwisha kupata kila sifa isipokuwa ubingwa, na ambao walikubali mishahara midogo kuliko waliyoizoea ili waupate. Mwalimu wao, Phil Jackson, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa mara tisa.

Mnamo Juni 2004 timu hiyo ilifika fainali, ikashindwa na Detroit Pistons michezo minne kati ya mitano. Kabla ya msimu uliofuata kuanza, Jackson alikuwa ameondoka (alirudi mwaka 2005), O'Neal amehamishiwa Miami, na Payton amepelekwa Boston. Malone hakucheza tena katika ligi hiyo.

Jambo lililoharibika hapo Wamarekani huliita "kemia" ya timu. Jina hilo lina sababu. Sodiamu ni metali inayoweza kuwaka ikigusana na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana hupatikana chumvi ya kutilia katika chakula. Tabia ya kiungo haiwezi kutabiriwa kwa kujumlisha tabia za elementi zake. Lakini jina hilo lina hatari yake pia, kwa kuwa humfanya msikilizaji adhani kwamba maelewano ya timu ni siri isiyopimika, kitu cha kunusa tu. Wanasaikolojia wamekuwa wakikipima kitu hicho kwa zaidi ya miaka mia moja, na kipimo cha kwanza kilikuwa kamba.

Kamba ya Ringelmann

Maximilien Ringelmann alikuwa mhandisi wa kilimo wa Ufaransa. Katika miaka ya 1880 alitaka kujua namna bora ya kutumia nguvu za farasi, maksai, mashine na watu. Miongoni mwa majaribio yake, aliwapa watu kamba waivute, wakiwa mmoja mmoja na wakiwa pamoja, huku nguvu zao zikipimwa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Nguvu ya mtu avutaye peke yake ikihesabiwa kuwa asilimia 100, basi katika kikundi cha watu wawili kila mmoja hutoa asilimia 93, watatu 85, wanne 77, watano 70, sita 63, saba 56, na wanane asilimia 49.

Mwanafunzi na azidishe tarakimu hizo. Watu saba kwa asilimia 56 ni 392. Watu wanane kwa asilimia 49 ni 392 vilevile. Maana yake ni kwamba mtu wa nane hakuongeza chochote, na wanane kwa pamoja hawakufikia nguvu ya watu wanne wanaovuta kila mmoja peke yake.

Yamkini msomaji atasema kwamba watu hao walitegea. Hilo ni nusu ya jibu. Watu wengi wakivuta kamba moja, hawavuti katika nukta ileile ya wakati wala kuelekea upande uleule barabara, na nguvu hupotea hata kama kila mmoja ametoa jasho lake lote. Ili kuzitenga sababu hizo mbili, Alan Ingham na wenzake walifanya jaribio la werevu nchini Marekani mwaka 1974. Walimfunga mtu macho, wakamweka mbele kabisa ya kamba, kisha nyuma yake wakasimama watu waliojifanya tu kuvuta. Hapakuwa na mwenzake wa kugongana naye, hata hivyo alivuta kwa nguvu pungufu kuliko alipojua kwamba yuko peke yake. Kwa hiyo upotevu ni wa namna mbili: upotevu wa ari, na upotevu wa uratibu. Ivan Steiner, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa amekwisha kuliweka jambo hili katika mlinganyo mwaka 1972: kazi halisi ya kikundi ni sawa na uwezo wake, ukiondoa kinachopotea katika kufanya kazi pamoja.

Mpira wa kikapu si kamba

Katika kamba, nguvu ya kila mtu angalau huelekea mahali pamoja. Mpira wa kikapu ni mgumu zaidi. Wachezaji watano wana mpira mmoja, na tangu mwaka 1954 kanuni za ligi hiyo huwapa sekunde 24 tu za kuutupa kikapuni. Mtupo mmoja una mtupaji mmoja. Anayeutupa amewanyima wenzake wanne nafasi hiyo, hata kama amefanya vyema. Ndiyo maana pointi za wachezaji hazijumlishwi kama magunia ya mahindi: wachezaji wanne waliokuwa wakipata pointi 20 kila mmoja katika timu nne mbalimbali hawaleti 80 wakiwekwa pamoja, kwa kuwa mitupo iliyowapa pointi hizo haipo.

Payton ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi mjini Seattle mpira ulikuwa mikononi mwake, naye ndiye aliyeamua nani apewe na lini. Timu ya Jackson ilicheza kwa mtindo wa pembetatu, ambao huwataka wachezaji wote wasome nafasi za wenzao na kuupitisha mpira upesi, bila mpangaji mmoja. Ustadi wa Payton haukuwa na pa kukaa. Katika fainali alipata wastani wa pointi 4.2 kwa mchezo. Malone naye, ambaye huenda ndiye aliyejitoa zaidi kwa ajili ya wenzake, aliumia goti, akakosa karibu nusu ya michezo ya msimu, na katika mchezo wa mwisho wa fainali hakuweza kuingia uwanjani. Haki inataka jambo hilo litajwe: si kila pigo la Lakers lilitokana na kutoelewana.

Mafahali wawili

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. O'Neal na Bryant waligombana hadharani kwa miaka, kila mmoja akimlaumu mwenzake mbele ya waandishi wa habari. Mmoja akiambiwa ni mvivu wa mazoezi, mwingine akiambiwa ni mchoyo wa mpira. Watu wengi hutosheka na maelezo hayo. Lakini ugomvi huo ulikuwako pia katika baadhi ya miaka ya ubingwa. Mafahali hawa walikaa zizi moja kwa misimu minane na kuchukua vikombe vitatu. Chuki peke yake, basi, haitoshi kueleza kushindwa kwa mwaka 2004.

Uchunguzi wa kisayansi unaelekea upande huohuo. Mwaka 1994 Brian Mullen na Carolyn Copper walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya vikundi vya namna mbalimbali. Walikuta kwamba kinachoambatana na ufanisi ni hasa wanakikundi kuifungamania kazi yenyewe. Kupendana kwao na kujivunia kikundi hakukuwa na uzito huo. Tena walikuta kwamba ufanisi huleta mshikamano kwa nguvu zaidi kuliko mshikamano unavyoleta ufanisi. Hii ni habari ya kumtahadharisha kila anayesoma kurasa za michezo: timu inayoshinda hucheka pamoja, na mwandishi huandika kwamba imeshinda kwa sababu inacheka.

Hesabu ya fainali

Katika michezo mitano ya fainali Bryant alitupa mara 113, akafunga mara 43, yaani asilimia 38. O'Neal alitupa mara 84, akafunga mara 53, yaani asilimia 63. Kwa maneno mengine, aliyekuwa akikosa zaidi ndiye aliyetupa zaidi. Takwimu hizo zilitosha kumhukumu Bryant katika vijiwe vingi vya wapenzi wa mchezo.

Mwanafunzi makini asiishie hapo. Na ichukuliwe kwamba mitupo 20 ya Bryant ingepewa O'Neal, na kila mmoja angebaki na kiwango chake. Tofauti ya asilimia 25 katika mitupo 20 ni vikapu vitano, au pointi 10. Katika michezo hiyo mitano Detroit walipata pointi 454 na Lakers 409. Upungufu ulikuwa pointi 45. Ugawaji mpya wa mitupo ungeziba chini ya robo ya pengo hilo.

Aidha, kile kiwango cha O'Neal kilikuwa kwa sehemu zawadi ya adui. Timu nyingine zilizoea kumzingira kwa watu wawili au watatu, hivyo kuwaacha wenzake wazi. Mwalimu wa Detroit, Larry Brown, aliamua kwamba mara nyingi azuiwe na mtu mmoja, Ben Wallace, na apate atakachopata, ili wengine wanne wabaki bila nafasi. Mtu mrefu na mwepesi, Tayshaun Prince, aliwekwa kumwandama Bryant. Lakers, waliokuwa wakipata wastani wa pointi 98 katika msimu, walishuka hadi pointi 81.8 katika fainali. Mtego huo ungeweza kuteguliwa kwa mpira kuzunguka mikononi mwa watu watano. Kundi la nyota, ambao kila mmoja alikuwa amezoea kuwa jibu la swali, halikuweza kuuzungusha, na hapo ndipo "kemia" inapoonekana kwa macho.

Detroit hawakuwa na nyota wa kiwango cha wale wanne. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote alipotoka chuoni mwaka 1996. Chauncey Billups, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa fainali, alikuwa amekwisha kupita katika timu kadhaa zisizomtaka. Yeye na Richard Hamilton walipata wastani wa pointi 21 kila mmoja. Uhodari wao mkubwa ulikuwa katika ulinzi, kazi ambayo haina mpira wa kugombaniwa: mnamo Machi 2004 waliwazuia wapinzani wao katika michezo mitano mfululizo wasifikishe pointi 70.

Miezi miwili baada ya fainali, Brown huyohuyo aliiongoza timu ya taifa ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki mjini Athens. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa na nyota: Tim Duncan, Allen Iverson, na vijana LeBron James na Dwyane Wade, waliokusanywa kwa wiki chache tu. Walifungwa na Puerto Rico 92 kwa 73, kisha na Lithuania, kisha na Argentina katika nusu fainali, wakarudi na medali ya shaba. Mwalimu hakuwa amesahau kazi yake katika siku sitini.

Je, vipaji vyaweza kuzidi?

Mwaka 2014 Roderick Swaab na wenzake walichapisha uchunguzi wa misimu kumi ya NBA, kutoka 2002 hadi 2012. Walidai kwamba vipaji huisaidia timu hadi kiwango fulani, kisha kuongeza nyota huipunguzia ushindi, kwa kuwa uratibu huharibika. Waliona hivyo pia katika soka, lakini si katika besiboli, mchezo ambao wapigaji huingia kwa zamu, mmoja mmoja. Tofauti hiyo ilipendeza, kwani iliafikiana na nadharia.

Mwaka 2021 watafiti wengine waliirudia hesabu ya mpira wa kikapu kwa njia nyingine. Wao walikuta kwamba kila kipaji kinachoongezwa husaidia, ila faida yake huzidi kupungua. Mchirizi hupinda, lakini hauteremki. Mabishano hayo hayapaswi kumfadhaisha mwanafunzi. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba nyota wa nne hana thamani ya nyota wa kwanza, na kinachobishaniwa ni kama thamani yake yaweza kuwa chini ya sifuri.

Kazi ya darasa

Shule yenye uwanja wa kikapu, au hata wa netiboli, yaweza kulichunguza jambo hili bila chombo chochote ila kalamu na saa. Kabla ya mchezo, kila mchezaji aandike kwa siri mambo mawili: nani katika timu anapaswa kutupa zaidi, na kazi yake mwenyewe ni ipi. Mwalimu akusanye karatasi na kuhesabu ni majibu mangapi yanayolingana. Wakati wa mchezo wanafunzi watatu wakae kando: wa kwanza ahesabu mitupo ya kila mchezaji na iliyoingia, wa pili ahesabu pasi kabla ya kila mtupo, wa tatu aandike muda ambao kila mchezaji ameushika mpira.

Michezo isipungue sita, maana mmoja hauthibitishi kitu. Kisha uchorwe mchoro wenye idadi ya majibu yaliyolingana katika mhimili wa mlalo, na tofauti ya magoli katika mhimili wa wima. Karatasi zikusanywe kabla ya kipenga, kamwe si baadaye, kwa sababu mchezaji aliyekwisha kushinda hukumbuka kwamba walikuwa wakielewana tangu mwanzo.