Chanjo ya Surua Humkinga Nani?

Wako wasemao, "Mwanangu ni mzima, chanjo ya nini?" Tuangalie yaliyotokea Samoa, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 2018 watoto wachanga wawili walikufa baada ya wauguzi kukosea kuchanganya dawa ya chanjo. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro, lakini wazazi wengi waliogopa, wakaacha kupeleka watoto. Mwaka 2019 surua iliingia, ikaua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Twajifunza nini? Sindano mbili huwakinga watu wapatao 97 katika kila 100. Lakini mtoto mchanga hajafikia umri wa kuchanjwa, na mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika sana hapewi chanjo hii. Hao hulindwa na wanaowazunguka. Wakichanjwa watu 95 katika kila 100, surua hukosa njia ya kuenea.

Basi, mzazi, itazame kadi ya mtoto wako leo. Ikiwa amefikia umri na sindano ya pili bado, mpeleke kliniki. Hutamkinga yeye peke yake, bali na mtoto mchanga wa jirani.