Ukikuta maneno yameshaandikwa, usiweke hata shilingi

*Shangazi, nauza vipuri vya pikipiki mjini Migori, lakini boma letu liko Ndhiwa, Homa Bay. Mdogo wangu yuko Qatar kikazi na amekuwa akinitumia USDT, zile sarafu za kidijitali, za kumjengea mama nyumba. Zote ziko kwenye akaunti ya simu. Nimesikia ya watu walioamka wakakuta akaunti tupu, nikatafuta kile kifaa cha kuhifadhia sarafu nje ya simu. Kijana mmoja ameniuzia kwa Sh4,500. Ndani ya boksi mna kadi yenye maneno 24, yameshaandikwa, eti amenirahisishia kazi. Anataka kuja Jumamosi aniwekee kila kitu. Mke wangu hajui lolote. Nifanyeje?*

Mwanangu, mpigie leo umwambie Jumamosi asije. Kifaa hicho usikiwekee hata shilingi moja.

Nikueleze kwa nini nasema kwa ukali. Sarafu zako hazikai ndani ya kifaa. Zimeandikwa kwenye daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na kifaa huhifadhi ufunguo wa kuidhinisha zihamishwe. Yale maneno 24 ndiyo ufunguo wenyewe. Aliyeyaandika kwenye kadi yako amebaki nayo. Atayaingiza kwenye kifaa kingine, awe Nairobi au Dubai, na kuhamisha kila kitu bila kugusa chako wala kuijua PIN yako. Na wezi wa namna hii wana subira: dola 50 za kwanza wataziacha, wakingoja siku utakapoweka za mabati na saruji.

Najua Sh4,500 zinauma. Ziache zipotee. Wapo watakaokushauri ukifute kifaa uanze upya, lakini kimepitia mikononi mwa mtu usiyemwamini, na huna njia ya kujua kilifanyiwa nini. Nunua kipya kwa mtengenezaji mwenyewe au kwa muuzaji anayetajwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Vya bei ya chini ni kati ya dola 50 na 80, bila ushuru na usafirishaji. Toa anwani ya sanduku la posta, usieleze unakoishi. Mwaka 2020 rekodi za wateja wa Ledger, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza vifaa hivi, zilivuja; majina, simu na anwani za nyumbani za watu wapatao 270,000 zikaanikwa mtandaoni. Mwaka uliofuata baadhi yao waliletewa kwa posta vifaa bandia vilivyofungwa vizuri kama vya kweli.

Kifaa halali huja kitupu. Programu yake ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji, uandike anwani mwenyewe badala ya kubofya tangazo. Chagua kuanzisha pochi mpya, weka PIN, kisha maneno yatatokea kwenye kioo kidogo cha kifaa, kwa Kiingereza, kwa mpangilio maalumu. Funga duka kwanza. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, kila neno na nambari yake, tahajia ileile. Usiyapige picha, usijitumie kwa WhatsApp, usiyachape kwenye simu. Tovuti ikikuomba maneno hayo, au mtu akipiga simu akidai ni huduma kwa wateja, huyo ni mwizi hata akitaja majina yako yote matatu.

Kabla ya kuhamisha pesa za nyumba, tuma dola 10 tu. Zikifika, kifute kifaa kwa makusudi, kisha ukirejeshe kwa maneno uliyoandika. Ukiziona tena, maandishi yako ni sahihi. Usipoziona, umepoteza dola 10 na nyumba ya mama imesalimika. Wengi huiruka hatua hii, nami nakusihi usiiruke. Angalia pia mtandao: USDT hupita kwenye mitandao kadhaa, na mdogo wako akituma kwa Tron, anwani ya kupokea iwe ya Tron. Si kila kifaa kinaikubali, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Weka na TRX kidogo, sarafu ya Tron yenyewe, maana ada ya kutuma kwenye Tron hulipwa kwa TRX. Bila hiyo, siku ya kumlipa fundi utaziangalia tu.

Karatasi huku kwetu haidumu. Kuna mchwa, kuna moto, na watu wa Nyatike wanajua Mto Kuja ukifurika unavyoingia ndani ya nyumba. Nunua seti ya vyuma vya kugongea herufi na bamba la chuma kisichoshika kutu, ugonge mwenyewe, usimpe fundi. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, kwa kuwa orodha ya maneno 2,048 inayotumiwa na vifaa vingi ilipangwa ili maneno yatofautike ndani ya herufi hizo nne. Fanya nakala mbili kamili, moja Migori, nyingine Ndhiwa. Usigawe nusu kwa nusu, kwani nusu moja ikipotea zimepotea zote.

Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2025 inaweka kampuni za sarafu hizi chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hilo ni jema. Lakini ukipoteza maneno yako mwenyewe hakuna ofisi itakayokurudishia. Kwa hiyo pesa za kumlipa fundi mwezi huu ziuze, uziweke benki au Sacco. Kifaa ni cha zile zitakazokaa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mke wako hajui lolote. Ukifariki leo, akiba hii haitaonekana kwenye taarifa ya benki yoyote, na hata mahakama ikimpa hati ya kusimamia mirathi, hakuna meneja wa kumpelekea. Mweleze ipo na bamba liko wapi. Maneno yenyewe usiyaweke kwenye wosia, kwani wosia huishia kwenye faili la mahakama. Mdogo wako naye ajue, jasho ni lake. Na siku ya lile jaribio la dola 10, mkeo ndiye akirejeshe kifaa kwa mkono wake, wewe ukae pembeni umwelekeze pale tu anapokwama.