Shairi la Mdudu Kibibi: Ninavyotunga na Watoto Bustanini

Katika wadudu wote ambao watoto wameniletea viganjani, hakuna anayezaa mashairi kama mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi. Nyuki anaogopwa. Kipepeo hatulii. Kibibi hukubali kutembea juu ya mkono wa mtoto wa miaka sita, hupanda kidole hadi kwenye ukucha, husimama kidogo, kisha huruka. Yote hayo humalizika kabla mtoto hajachoka kutazama, na ndani yake mna mwanzo, kati na mwisho. Shairi huwa limeshajipanga kabla ya kalamu kushikwa.

Jumamosi asubuhi huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu, hapa Morogoro, tukitunga mashairi ya wadudu, ndege na mimea. Walimu na wazazi wameniuliza nafanyaje, nami leo nitaeleza kwa mdudu huyu mmoja tu. Msimamo wangu niuseme mapema: haiba ya kibibi ndani ya shairi haitokani na kumsifu, hutokana na kumtazama. Mtoto akiandika kwamba mdudu ni mzuri na anapendeza, bado hajaandika kitu. Akiandika kwamba mdudu alimwachia tone la njano kiganjani na likanuka, msomaji anaamini kwamba mtoto huyu alikuwepo.

Kwa hiyo tunaanzia bustanini. Usimtafute kibibi kwenye maua. Mtafute walipo vidukari, wale wadudu wadogo weusi au wa kijani wanaojazana kwenye machipukizi na kufyonza utomvu. Kwetu mahali pa uhakika ni kwenye kunde, ambazo ncha zake changa wakati mwingine huwa nyeusi tii kwa vidukari. Sukuma wiki, maharage na mahindi nayo huwa nao. Nenda asubuhi jua halijawa kali, maana mdudu ambaye bado ana ubaridi mwilini hana haraka, na hata watoto wadogo hupata nafasi ya kumwona vizuri. Omba ruhusa kwa mwenye bustani na umuulize kama amepulizia dawa siku za karibuni. Kama amepulizia, tafuta bustani nyingine. Dawa si ya kushikwa na watoto, na dawa nyingi zinazoua vidukari humuua kibibi pia. Mama mmoja anayelima mboga jirani na sisi ametuachia tuta zima la kunde. Watoto wakishamwamkia shikamoo, yeye mwenyewe huwaonyesha majani ya kugeuza.

Hayo majani ya kugeuza ni muhimu sana, kwa sababu nusu ya shairi iko upande wa chini. Huko ndiko kibibi anakotaga mayai yake ya njano, marefu, yaliyosimama wima yamesongamana kwenye fungu moja. Huko pia utamkuta lava, mrefu, mweusimweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, miguu sita, wala hafanani hata kidogo na mzazi wake. Mtoto anayemjua kibibi kwa picha ya kitabu cha chekechea hukataa katakata kwamba huyu ni mwana wa yule. Basi namwonyesha na pupa aliyejibandika kwenye jani bila kusogea. Kukiwa na joto, safari ya kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua kama wiki tatu au nne, kwa hiyo tukirudi kwenye tuta lilelile Jumamosi zinazofuata, watoto huona hatua hizo zikipishana. Mashairi mazuri kuliko yote niliyopokea yalitoka kwa watoto waliomfuatilia lava, si kibibi mwenyewe. Walikuwa na jambo la kumwambia msomaji ambalo msomaji halijui.

Usisahau sisimizi. Vidukari hutoa maji matamu, na sisimizi huyanywa, ndiyo maana huwalinda vidukari na kumfukuza kibibi anapokuja kula. Ukiwachuchumaza watoto mbele ya shina moja la kunde na kuwaambia watazame sisimizi na kibibi wanapokutana, hutahitaji kuwatafutia kisa. Binti mmoja alimwacha kibibi kabisa akamwandikia sisimizi, nami nilimwacha aandike.

Hapo hapo bustanini nawapa daftari, na sharti la kwanza ni vitenzi tu. Hakuna rangi, hakuna sifa. Kafanya nini? Halafu? Halafu? Orodha hutoka yenyewe: anapanda, anasita, anapapasa, anageuka, anafungua, anaruka, anatua, anakunja. Vitenzi viwili vya mwisho huja kwa mtoto aliyetazama kweli. Yale magamba mawili mekundu mgongoni ni mbawa za mbele zilizogeuka kuwa kifuniko kigumu. Mbawa za kurukia ziko chini yake, nyembamba, ndefu kuliko kifuniko chenyewe, na kila anapotua lazima azikunje upya. Mara nyingine ncha ya ubawa huchungulia nje kwa muda kabla haijaingia yote. Mtoto mmoja aliyeliona hilo alitutegea kitendawili papo hapo: Bibi yangu ana kanga mbili, ya juu ngumu, ya chini laini. Tangu siku hiyo kitendawili nimekifanya kuwa hatua ya kudumu kati ya vitenzi na shairi. Mtoto anayeogopa kutunga shairi haogopi kutega, kwa sababu kutega ni mchezo aliokulia nao, na kitendawili kizuri kinamlazimisha achague jambo moja tu la kweli kuhusu mdudu.

Baada ya vitenzi ndipo naruhusu rangi, na hapo Kiswahili kina utajiri ambao watoto huufurahia mno wakikumbushwa. Kwa nini mtoto aandike "mwekundu sana" wakati ana "mwekundu pyu"? Madoa ni meusi tii. Mdudu aliyetulia, katulia tuli. Maneno haya yanatamkika kwa raha, na shairi la mtoto huingia kwa mdomo na sikio kabla ya kuingia kwa macho.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda, kusahihisha yale tunayodhani tunayajua. Watoto wengi huamini kwamba kila doa ni mwaka mmoja wa umri wa kibibi. Si hivyo, idadi ya madoa hufuata aina ya mdudu, na duniani kuna aina zipatazo 6,000. Wapo wa njano, wapo weusi, wapo wasio na doa hata moja. Rangi kali ni onyo kwa ndege kwamba nyama hii ni chungu. Lile tone la njano hutoka kwenye maungio ya miguu mdudu anapobanwa, lina harufu na ni chungu. Akitishwa, aghalabu hukunja miguu, huanguka na kujifanya amekufa. Na si kila kibibi ni rafiki wa mkulima. Kuna jamii yao wanaokula majani ya maboga, biringanya na viazi, na bustani ikiwa na hao mama mwenye mboga hatafurahia shairi la kuwasifu. Haya nayaeleza kwa sababu kila moja linaweza kuwa ubeti. Mdudu anayejifanya maiti ana mvuto kuliko mdudu anayependeza tu.

Sasa sauti. Nani anazungumza katika shairi? Watoto wa Ulaya wana desturi ya kale ya kumsemesha kibibi akiwa mkononi. Wimbo wa watoto wa Waingereza, ambao ulikwisha kuchapishwa London mwaka 1744, unamwambia aruke arudi kwake kwa sababu nyumba inaungua na wanawe wako hatarini. Watoto wa Urusi humwomba aruke mbinguni akawaletee mkate. Kinachonivutia katika nyimbo hizo ni kwamba zimetungwa kwa ajili ya tendo: mtoto anaimba, anangoja, na mdudu akiruka wimbo umejibiwa. Ndiyo maana zimedumu. Nawaambia wanangu watunge maneno ya kumwambia kibibi wakati anapanda kidole, mafupi kiasi cha kumalizika kabla hajafika ukuchani. Huu hapa mfano ninaowapa wadogo, mizani minane kwa kila mshororo na kina kimoja:

Kibibi juu ya jani,
Wapanda hadi nchani,
Wafungua mgongoni,
Waruka kwenda hewani.

Hakuna sifa hata moja humo. Kuna vitenzi tu na mahali vinapotendeka.

Sauti ya pili ni kumwachia mdudu aseme mwenyewe. Mfano wake bora naufahamu kwa John Clare, kibarua wa mashambani wa Northamptonshire, Uingereza, aliyeishi kati ya 1793 na 1864. Miaka yake ya mwisho, tangu 1841, aliimaliza katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Northampton, na huko ndiko alikotunga shairi liitwalo "Clock-a-Clay", jina ambalo watu wa kwao walimwita kibibi. Anayesema ni mdudu, amejilaza ndani ya ua, mvua na upepo vikipita juu yake. Clare alikuwa amefungiwa mbali na mashamba aliyoyajua tangu utotoni, lakini aliyakumbuka kwa kipimo cha mdudu: ua ni nyumba, tone la mvua ni tukio. Ninapowasimulia watoto wakubwa habari zake, nawataka walale kifudifudi kwenye nyasi kwanza, macho usawa wa shina, ndipo waandike. Anayeandika amesimama huona mdudu mdogo. Anayeandika amelala huona mti wa kunde.

Kwa wakubwa hao, wa miaka kumi na kuendelea, natumia tarbia yenye vina vya kati na vya mwisho. Huu ni ubeti tunaouchambua pamoja ubaoni:

Mtoto, nishike pole, usifinye mwili wangu,
Ukibana kwa kidole, natoa maji machungu,
Vidukari wote wale, ni chakula cha wanangu,
Niache niende mbele, bado ndefu njia yangu.

Nawauliza: ni mambo gani humu ungeyajua hata bila kwenda bustanini, na ni yapi yamekuja kwa kutazama? Kisha tunapiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, nane na nane. Mizani hufundishika haraka kwa viganja kuliko kwa maelezo. Lakini sianzi na mizani kamwe. Mtoto akianza kwa kuhesabu, hutafuta neno linalotosha badala ya neno la kweli, na vina vya kubandika huonekana mara moja. Kwanza aandike anavyotaka, mistari mirefu na mifupi, halafu tupunguze pamoja.

Wapo wanaoniambia vina vimepitwa na wakati. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, mjadala wa mashairi huru ulipamba moto katika Kiswahili, na mimi nayapenda mashairi yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, hata hivyo, nachagua kina. Mtoto mdogo habebi karatasi, hubeba sauti. Shairi lenye vina atarudi nalo nyumbani kichwani, atamghania bibi yake jikoni, na keshokutwa akikutana na kibibi njiani shairi litakuwa tayari mdomoni.

Jambo gumu zaidi ni mafunzo ya mwishoni. Watoto wetu wamezoea kwamba shairi lazima limalizike kwa kuonya: tuwapende wadudu, tutunze mazingira, tufanye kazi kwa bidii kama kibibi. Sidharau mawaidha. Utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye mwaka 1858 ni mawaidha toka mwanzo hadi mwisho, na ni miongoni mwa hazina kubwa za lugha yetu. Ila pale mama anamwusia mwanawe, na kila neno lina uzito wa mtu anayejua anachoaga. Mtoto wa darasa la tatu anayewaonya watu wazima kuhusu mazingira anarudia alichosikia kwetu. Kibibi hakuomba kutumwa kazi hiyo. Ninachofanya ni kufunika ubeti wa mwisho kwa mkono na kumwambia mtunzi asome bila huo. Kama shairi limesimama, tunaukata, na mara nyingi linasimama. Wengine huhuzunika, nami huwa sikati kwa lazima; nawaambia wasomee wenzao namna zote mbili, wenzao wachague.

Vifaa ni vichache: daftari, penseli, lenzi ya kukuzia kama ipo, na kikopo chenye kifuniko kilichotobolewa. Mdudu asikae kikoponi zaidi ya muda wa kutazamwa. Arudishwe kwenye mmea uleule aliotolewa, kwa sababu chakula chake kiko pale na huenda mayai yake pia.

Kisha kughani. Usiwapange mstari mbele ya wazazi kama mtihani. Tunakaa duara pale pale karibu na tuta, kila mmoja anaghani lake kwa mahadhi anayoyataka, na wenzake hurudia mshororo wa mwisho kama kiitikio. Aliye na ubeti mmoja anaughani mara mbili. Asiyetaka kughani humpa jirani yake, na jina la mtunzi hutajwa kwanza.