Pointi za mhusika nizigawe vipi?

SWALI: Niko Kurasini, nimeanza kucheza Ragnarok Online, mfumo ule wa zamani. Mhusika wangu ni mpiganaji wa upanga. Nigawe pointi sawasawa ili nisipungukiwe popote? Mtandao ukisuasua nakufa ovyo. – Msomaji, Temeke

JIBU: Usigawe sawasawa hata kidogo. Katika gemu hili la Korea Kusini lililotoka 2002, sifa ikiwa chini hupanda hatua moja kwa pointi 2, lakini ukishapita 90 kila hatua inakula 11. Akili na bahati ziache zilivyo. Upanga hauzihitaji sana.

Nguvu ipandishe hadi namba inayogawanyika kwa kumi, kwa sababu kila kumi huja na nyongeza yake. Nguvu 89 inakupa shambulio 153, ila 90 inakupa 171.

Sasa, wepesi au uhai? Uhai huongeza damu, na kila dawa unayokunywa inaponya zaidi, lakini lazima uwahi kuinywa. Wepesi hukupa kukwepa, nako hakukungoji: seva ndiyo inayokokotoa, hata amri ya kidole chako ikichelewa njiani. Kwa mtandao wako, chagua wepesi, na ustadi kiasi ili upanga usipige hewa. Ila usizingirwe: kuanzia adui wa tatu, kila anayeongezeka anakupunguzia asilimia 10 ya kukwepa. Ukipata kundi la kudumu linalotaka mtu wa kuwa ngao yake, tengeneza mhusika mwingine wa uhai.